Maneno Magumu na Mtihani wa Kuingia Chuo cha Biashara



Kuna desturi iliyoenea miongoni mwa wasomi wanaojitayarisha kwa mitihani ya kuombea nafasi katika vyuo vya uongozi wa biashara vya ng'ambo. Mtu akishaamua kujaribu bahati yake, jambo la kwanza analolifanya ni kutafuta orodha ya maneno. Hununua kitabu chenye maneno elfu kadhaa ya Kiingereza ambayo hajapata kuyasikia yakitamkwa na mtu yeyote, si ofisini, si shuleni, wala katika redio. Huyaandika katika vikadi, na kila jioni baada ya kazi huyakariri neno moja moja. Miezi mitatu hupita hivyo. Siku ya mtihani huketi mbele ya kompyuta, na saa zikaisha bila ya kukutana na maneno yale aliyokesha nayo.

Mtu huyo si mvivu wala si mjinga. Ametumia juhudi nyingi, ila ameitumia mahali pasipostahili. Kwa mwalimu mwenye madaftari ya kusahihisha, au karani mwenye saa moja tu ya kujisomea usiku, kosa hilo ni kubwa, kwa kuwa mitihani hii hulipiwa zaidi ya dola 200 za Marekani kila mtu anapoufanya mmojawapo, akifaulu au asifaulu. Kwa hiyo swali la kama kujifunza msamiati kuna faida si swali dogo. Jibu lake lataka kwanza kujua ni mtihani upi unaozungumzwa, na kisha ni maneno ya namna gani.

Mtihani mkongwe wa vyuo vya biashara ni ule unaoitwa GMAT. Mwaka 1953 vyuo tisa vya biashara vya Marekani vilikubaliana kuwa na kipimo kimoja cha kuchagulia wanafunzi, na shirika la mitihani la ETS, lililoanzishwa mwaka 1947, likaombwa kukitunga. Mtihani ulianza kutolewa mwaka 1954 kwa jina jingine, refu zaidi, na jina la sasa ulilipata mwaka 1976. Tangu mwaka 1997 hufanywa kwa kompyuta, nayo kompyuta hubadili ugumu wa maswali kwa kadiri mtahiniwa anavyojibu. Badiliko kubwa la karibuni lilikuja Novemba 2023, na kuanzia Februari 2024 sura hiyo mpya ndiyo pekee inayotolewa. Ina sehemu tatu, kila moja ya dakika 45: maswali 21 ya hesabu, maswali 23 ya lugha na hoja, na maswali 20 ya kusoma takwimu. Insha iliondolewa. Maswali ya kusahihisha sentensi, yaliyowatoa jasho watahiniwa wa miaka mingi, nayo yaliondolewa.

Katika sehemu zote hizo tatu hakuna hata swali moja linalomwuliza mtahiniwa maana ya neno gumu kwa ajili ya ugumu wake. Sehemu ya lugha ina maswali ya aina mbili tu: ufahamu wa vifungu vya habari, na upimaji wa hoja.

Imani ya orodha, basi, imetoka wapi? Imetoka katika mitihani mingine. Mtihani wa SAT, wa kuingilia shahada ya kwanza huko Marekani, uliuliza maneno yenye maana za kinyume hadi mwaka 1994, na ulinganisho wa jozi za maneno hadi mwaka 2005. Mtihani wa GRE, wa shahada za juu, uliendelea na mambo hayo mawili hadi Agosti 2011. Katika mitihani hiyo aliyekariri kamusi alivuna. Vitabu vya kukariria vikaandikwa, vikauzwa, vikarithishwa kutoka kwa kaka hadi kwa mdogo wake, na maswali yalipobadilika vitabu havikubadilika. Mpaka leo mtu aweza kuvikuta vikipangwa pamoja na vitabu vya GMAT, kana kwamba mitihani yote ni mmoja.

Yafaa kuonyesha kwa mfano jinsi swali la hoja linavyokuwa. Shirika la mabasi la mji fulani lilipunguza nauli mwezi wa Desemba. Mwezi wa Januari abiria waliongezeka kwa theluthi moja. Meneja akatangaza kwamba punguzo la nauli ndilo lililoleta abiria hao, na kwa hiyo nauli ipunguzwe tena. Mtahiniwa huulizwa: ni maelezo gani, yakiwa ya kweli, yangeidhoofisha zaidi hoja ya meneja? La kwanza lasema kwamba madereva wamelalamika kwamba kazi imezidi. La pili, kwamba bei ya mafuta haikubadilika katika miezi hiyo. La tatu, kwamba kila Januari shule na ofisi zinapofunguliwa baada ya likizo, abiria huongezeka kwa theluthi moja hata kama nauli haikuguswa.

Jibu ni la tatu. Hakuna neno hapo lisilojulikana na mtoto wa darasa la saba. Hata hivyo wengi wangeshawishika kuchagua la kwanza, kwa sababu malalamiko ya madereva yaonekana kuwa jambo baya, na mpango wenye jambo baya huonekana kuwa mpango mbovu. Lakini malalamiko hayo hayaligusi lile alilodai meneja, yaani kwamba punguzo ndilo chanzo cha ongezeko. Aliyekosa hapo hakukosa msamiati. Alikosa kuuliza ni jambo gani lililodaiwa na kwa ushahidi gani. Hata kama angejua maneno elfu kumi ya Kiingereza, angekosa vilevile.

Lakini mtu asikimbilie kusema kwamba maneno hayana kazi. Yapo yanayowaangusha watu katika GMAT, nayo ni madogo mno hata hakuna mwandishi wa kitabu cha kukariria aliyejishughulisha nayo. Chukulieni neno "unless", ambalo kwa Kiswahili huelezwa kwa "isipokuwa" au "mpaka kwanza". Waraka wa ofisi waweza kusema: mtumishi hatalipwa posho ya safari isipokuwa awe amepata kibali cha maandishi kabla ya kuondoka. Mtumishi aliyepata kibali huenda moja kwa moja kwenye dirisha la mhasibu akidai fedha zake. Mhasibu humwambia kwamba kasma imekwisha. Hapo huzuka ugomvi, na mtumishi huutoa waraka mfukoni kama hati ya mahakama. Lakini waraka haukumwahidi kwamba mwenye kibali atalipwa. Ulisema tu kwamba asiye na kibali hatalipwa. Tofauti kati ya sharti ambalo bila yake jambo haliwi, na sharti ambalo likitimia jambo lazima liwe, ni moja ya mambo ambayo GMAT huyauliza sana, na tofauti hiyo hubebwa na vineno kama "if", "only if" na "unless".

Mzungumzaji wa Kiswahili ana mitego yake maalumu katika vineno hivi. Kiingereza hutenganisha "few" na "a few". Kiswahili husema "wachache" pahali pote pawili. Mwandishi wa Kiingereza akisema walimu waliohudhuria ni "few", anaelekeza macho ya msomaji kwa wale wasiokuja, na huenda anajiandaa kusema kwamba mkutano haukufaulu. Akisema ni "a few", anaelekeza macho kwa wale waliokuja. Herufi moja imegeuza mwelekeo wa kifungu kizima, na swali linalofuata huuliza hasa juu ya mwelekeo huo. Kadhalika neno "kuazima": kwa watu wengi mwenye kutoa ameazima na mwenye kupokea ameazima, na ni mazungumzo yanayoonyesha nani ni nani. Katika Kiingereza cha mabenki hayo ni maneno mawili, "lend" na "borrow", na atakayeyachanganya atamfanya mdai kuwa mdaiwa.

Hata katika takwimu vineno hivi huamua. Mauzo yaliyokuwa shilingi 100 yakipanda hadi asilimia 120 ya mwaka uliopita, yamekuwa shilingi 120. Yakipanda kwa asilimia 120, yamekuwa shilingi 220. Kati ya "hadi" na "kwa", ambavyo katika Kiingereza ni "to" na "by", pamepotea shilingi mia moja. Walimu wa hesabu waliopo hapa wanajua ni mara ngapi mwanafunzi hodari wa kuzidisha na kugawanya hukosa swali kwa sababu amelisoma kwa haraka.

Ndugu wasikilizaji, mambo hubadilika tukifika kwenye GRE. Mtihani huo haukutungwa kwa ajili ya vyuo vya biashara, lakini vyuo hivyo vimeupokea kwa wingi. Harvard ilianza kuukubali kwa waombaji wa shahada ya uongozi wa biashara mwaka 2009, na leo vyuo vya biashara vinavyoukubali ni zaidi ya elfu moja. Kwa hiyo mwombaji ana hiari ya kuchagua, na hiari hiyo huamua karibu kila jambo kuhusu msamiati.

Tangu Septemba 2023 GRE imefupishwa hata huchukua muda usiotimia saa mbili. Sehemu za lugha zina maswali 27 kwa dakika 41, na karibu nusu yake ni ya kujaza nafasi zilizoachwa wazi. Mfano wake ni huu: "Ijapokuwa Mkurugenzi alisifika kuwa mtu ......, siku ile alizungumza saa mbili mfululizo." Neno "ijapokuwa" latosha kumwonyesha msomaji makini kwamba pengo lataka sifa ya mtu asiyependa kusema mengi. Mpaka hapo akili imefanya kazi yake. Lakini chini ya sentensi yamepangwa maneno matano, na lililo sahihi ni "taciturn". Jirani yake ni "garrulous", yaani domo kaya, lililowekwa kwa makusudi kumnasa asiyejua. Mtahiniwa aliyeielewa sentensi lakini hajapata kuliona neno "taciturn" hupata sifuri sawa na yule asiyeelewa kitu.

Zaidi ya hayo, GRE haina alama nusu katika maswali hayo. Sentensi yenye mapengo matatu hujazwa yote matatu kwa usahihi au huhesabiwa kosa. Kuna aina nyingine ambapo hutolewa maneno sita, na mtahiniwa atakiwa kuchagua mawili yanayoipa sentensi maana moja. Akilipata moja akalikosa la pili, amekosa. Hapo msamiati wahesabika kweli, na anayemwambia mtahiniwa wa GRE aache kujifunza maneno anampoteza kama vile anavyopotezwa yule wa GMAT anayekesha na vikadi.

Hata hivyo, maneno ya GRE yanayoumiza sana si yote ya kigeni. Mengi ni ya kawaida, yenye maana ya pili isiyofundishwa shuleni. "Check" ni kukagua, lakini pia ni kuzuia. "Qualify" ni kufuzu, lakini mwandishi aki-"qualify" kauli yake amepunguza ukali wake. "Economy" ni uchumi, na pia ni tabia ya kutumia kidogo. "Want" ni kutaka, na ni upungufu. "Novel" ni riwaya, na ni jambo geni. La ajabu zaidi ni "sanction", ambalo laweza kuwa kuruhusu na laweza kuwa kuadhibu. Mswahili hana sababu ya kushangaa, kwani naye "kaa" kwake ni mnyama wa pwani, na ni kipande cha mkaa, na ni amri ya kuketi, wala hachanganyikiwi. Hachanganyikiwi kwa kuwa amelizoea neno ndani ya sentensi zake mbalimbali. Mwenye kikadi chenye neno moja upande huu na maana moja upande wa pili hawezi kuyapata mazoea hayo.

Kwa mtu ambaye Kiingereza ni lugha yake ya pili au ya tatu, liko jambo jingine linalohusu mitihani yote miwili, nalo ni kasi ya kusoma. Kifungu cha ufahamu katika GMAT hufika maneno 350. Watafiti wa usomaji, hasa Paul Nation wa Chuo Kikuu cha Victoria cha Wellington, New Zealand, wameeleza kwamba msomaji huhitaji kuyajua maneno 98 katika kila mia ili aelewe bila msaada, na katika hesabu aliyoitoa mwaka 2006 Nation alionyesha kwamba kiwango hicho kwa maandishi ya kawaida hutaka koo za maneno kati ya 8,000 na 9,000. Ukoo wa neno ni neno pamoja na jamaa zake, kama vile kusoma, msomaji, masomo na usomi. Katika kifungu cha maneno 350, anayejua 98 kwa mia atakutana na maneno saba asiyoyajua, naye atapita. Anayejua 95 kwa mia atakutana na kama 17, naye atasimama karibu kila mstari, dakika zikienda.

Habari ya kutia moyo ni kwamba maneno yanayopunguza kusimama huko si yale ya kutisha. Mwaka 2000 Averil Coxhead, pia wa chuo hicho cha Wellington, alitoa orodha ya koo 570 za maneno yanayopatikana katika maandishi ya kitaaluma ya fani zote, sheria, sayansi, uchumi na sanaa. Koo hizo 570 tu huchukua karibu moja ya kumi ya maneno yote ya maandishi ya namna hiyo. Humo yamo maneno kama "assume", "infer", "derive", "whereas", "nevertheless" na "notwithstanding", yaani maneno yale yale ambayo swali la hoja huyategemea.

Na hapa ndipo penye kasoro ambayo walimu wa nchi hii wanaifahamu kwa ndani. Tangu mwaka 1967 mtoto wa Tanzania katika shule za msingi za umma amefundishwa kwa Kiswahili, kisha akifika sekondari akakabidhiwa vitabu vya Kiingereza. Maneno kama "whereas" na "derive" alikutana nayo kwa wingi katika kitabu cha baiolojia na cha jiografia. Mwalimu wa baiolojia hakuyafundisha, kwa kuwa kazi yake ilikuwa chura. Mwalimu wa Kiingereza naye hakuyafundisha, kwa kuwa alishughulika na nyakati za vitenzi. Maneno hayo yakawa hayana mwenyewe. Mwanafunzi aliyakisia, akafaulu kwa kukisia, akapata shahada, akaajiriwa, na miaka kumi baadaye bado anayakisia mbele ya mtihani usiokubali makisio. Mtu huyo akianza na orodha ya maneno adimu kabla ya hayo 570, anapaka rangi nyumba ambayo bado haijaezekwa.

Namna ya kujifunza nayo ina uzito wake. Mjerumani Hermann Ebbinghaus alionyesha tangu mwaka 1885 kwamba yaliyokaririwa kwa mkupuo husahaulika upesi, na kwamba marudio yaliyopishanishwa kwa siku hudumu zaidi. Maneno kumi yanayorudiwa leo, keshokutwa na juma lijalo yana faida kuliko hamsini ya usiku mmoja. Na kila neno liandikwe pamoja na sentensi ambamo lilikutwa, liwe limetoka katika gazeti la uchumi au ripoti ya benki, ili mtu aone linavyokaa na wenzake. Mtumishi wa wizara ana nafuu hapo kuliko wengi, maana meza yake imejaa ripoti za Kiingereza. Ni wachache wanaozisoma kama masomo. Wengi hutafuta tu ukurasa wenye idadi wanazozihitaji.

Kabla ya kununua kitabu chochote, mwombaji aulize vyuo anavyovitaka vinapokea mtihani upi, kwa kuwa vipo pia vyuo vinavyopokea waombaji bila mtihani. Kisha afanye majaribio. Wenye GMAT hutoa mitihani miwili ya majaribio bila malipo, na ETS hutoa miwili ya GRE. Aifanye kwa saa iliyowekwa, mlango ukiwa umefungwa na watoto wamekwisha lala, bila kamusi. Akimaliza achukue karatasi aigawe safu mbili. Katika safu ya kwanza aandike maswali aliyoyakosa kwa sababu kulikuwa na neno asilolijua, na katika ya pili yale ambayo maneno yake yote aliyajua na bado akakosa. Idadi ya maswali katika safu ya kwanza ndiyo itakayomwambia ni saa ngapi za juma azitoe kwa ajili ya maneno, na zinazobaki azitumie kwa safu ya pili.